Kakao Haipimwi Hotelini

Watu wa Bujonde watakuambia kwamba mimi, Zebedayo, ni mgomvi. Hawajakosea. Nimegombana na mpima mizani wa chama cha msingi, nimegombana na mchungaji kwa sababu ya urefu wa mahubiri yake, na jogoo wa jirani yangu nimemtukana hadharani, watoto wakisikia. Lakini yupo mtu mmoja ambaye kwa miaka mitatu sikuwahi kumwambia neno, liwe baya au zuri, na nilimpenda kuliko wote waliowahi kuingia nyumbani kwangu. Ni Dainess, mke wa mwanangu Aliko.

Kwetu Wanyakyusa baba mkwe na mkamwana wake hawazoeani. Hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Wengi siku hizi wameacha, hasa wa mjini, na mchungaji naye anasema hayo ni mambo ya kale. Hilo pia tuligombania. Mimi nimeshikilia. Marehemu baba yangu hakuwahi kumtazama usoni mke wangu Anyisile mpaka anaingia kaburini, na siku ya msiba Anyisile alimlilia kuliko tulivyolia sisi watoto wake. Ile si chuki. Ni heshima, na heshima ya namna hiyo ikikaa sana ndani ya nyumba inageuka kuwa upendo, ila ni upendo usio na maneno.

Basi nikifika uani, nakohoa. Dainess akisikia anapitia mlango wa jikoni. Chakula changu anampa Anyisile, Anyisile ananiletea. Najua nani amepika, kwa sababu usipa wa Anyisile, dagaa wetu wa ziwani, una chumvi ya kumtosha ng'ombe na wa Dainess unalika. Viatu vyangu vya mpira vikirudi na matope ya shamba la mpunga, asubuhi navikuta vimeoshwa na kuegemezwa ukutani vikauke. Sijawahi kuuliza ni nani aliyeviosha.

Kwa hiyo uso wake nilikuwa siujui vizuri, lakini sauti yake naijua. Jikoni na kibaraza changu cha nyuma vimetenganishwa na ukuta mmoja wa tofali, tena ukuta wenyewe haujafika juu. Jioni hukaa pale nikisuka vikapu, au nikijifanya nasuka. Najua Dainess anavyocheka akisimuliwa habari za kwaya. Najua anavyoimba akiwa amechoka, na anavyoimba akimkumbuka Aliko, ambaye ni dereva wa malori na huweza kumaliza mwezi hajalala kwake. Mkwe mwenzangu yeyote akiniuliza kama mkamwana wangu ni mzuri wa sura, nitamwambia sijui. Akiniuliza kama leo ameamka na furaha, hilo nitamjibu.

Dainess ana stashahada ya kilimo. Tangu amalize chuo alikuwa akipeleka maombi ya kazi huku na huku, na mara nyingi hata jibu hapati. Ndipo kampuni moja ya kununua kakao ikafungua ofisi pale Mbugani, ikatangaza nafasi ya mkaguzi wa ubora, na Dainess akaitwa kwenye usaili. Anyisile alifunga na kuomba. Mimi sikufunga, maana nikiwa na njaa nagombana zaidi, lakini niliomba. Nitasema wazi nilichoomba. Niliomba apate kazi hiyo ili asije akalazimika kwenda kuitafuta mbali na kunichukulia mjukuu wangu Jubilate, ambaye ana miaka miwili na ndiye mtu pekee Bujonde nzima asiyenijibu ninapofoka.

Jumatano asubuhi aliondoka kwa bodaboda. Nilisimama nyuma ya migomba kama mwizi nimwone anavyokwenda. Alivaa gauni la bluu, amekumbatia bahasha ya vyeti. Nikasema moyoni, nenda mwanangu, Mungu Kyala akutangulie.

Alirudi alasiri. Nilikuwa kibarazani, kikapu magotini. Nikasikia kigoda kikivutwa jikoni, na Anyisile akisema, "Haya, mwanangu, nisimulie. Nani alikusaili?"

"Meneja mwenyewe, mama. Anaitwa Bwana Fortunatus."

"Peke yake?"

"Peke yake. Amesema wenzake wamesafiri."

"Akakuuliza nini?"

"Aliuliza ukoo wangu. Akauliza nimeolewa wapi, mume wangu anafanya kazi gani, sasa hivi yuko wapi, na anarudi lini."

Anyisile akapiga makofi. "Ona! Huyo amelelewa. Wengine wanakupokea ofisini kama mzigo, hata habari za nyumbani hawakuulizi."

Na hapa niseme kweli, hata mimi mwanzoni niliona sawa. Kwetu mtu akija, hujamuuliza kwao, bado hujamsalimia. Utamuuliza ni wa nani, ameolewa kwa nani, watoto hawajambo, ng'ombe hawajambo, mgomba ulioanguka kwa upepo umeinuliwa. Usipouliza, utasemwa mpaka ng'ambo ya mto. Kwa hiyo watu kama sisi tunaweza kusailiwa vibaya kabisa, na tukatoka nje tunashukuru, ndaga fijo.

"Akauliza kama nitazaa tena hivi karibuni," Dainess aliendelea. "Akasema nikitazamwa sionekani kama nimezaa."

"Amekusifu."

"Halafu akamtuma katibu wake sokoni kununua soda. Akafunga mlango, akasema pikipiki zina kelele. Akahamisha kiti chake akaja upande wangu. Akasema mkaguzi wa kakao lazima awe na mikono inayoijua punje, akaushika mkono wangu, akautazama. Aliutazama muda mrefu, mama."

"Labda alikuwa anatafuta alama za jembe."

"Labda. Akanisimamisha, akaniambia nigeuke. Alisema ghalani watu wanasimama kutwa, anataka kuona kama nina miguu ya kazi."

"Na kakao yenyewe?"

"Hakuuliza. Amesema hayo ni ya sehemu ya pili, Jumamosi jioni, Matema, hotelini. Nisije na mtu. Na nisiwaambie waombaji wengine, watanionea wivu."

"Matema!" Anyisile alisahau sufuria, nikasikia uji ukimwagikia moto. "Basi umepata, mwanangu! Mtu hapelekwi ufukweni kama hatakiwi."

Sindano ya kusukia ilinichoma kidole, kikapu kikaanguka. Siku ile Dainess alisimulia kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, mpaka nikadhani Anyisile ameziba masikio kwa kitambaa. Lakini ukubwa ulikuwa bure. Ndani ya sauti ile hapakuwa na kicheko, hapakuwa na hasira, hapakuwa na uchovu. Alisema kama mtoto anayekaririshwa shairi asilolijua maana. Anyisile alikuwa anautazama uso wake, na pengine uso ulikuwa unatabasamu. Mimi sikuwa na uso wa kunidanganya. Nilijua palepale kwamba mkamwana wangu ameumizwa, na kwamba Jumamosi atakwenda Matema kwa sababu nyumba nzima imeshashangilia.

Jua lilipotua nikamwita Anyisile kibarazani, nikamwambia kwa sauti ya chini ambayo kwangu ni kazi ngumu kuliko kupanda mpunga.

"Mama Aliko, yule mtu hataki mkaguzi."

"Umeanza."

"Anataka mke wa mwanao."

Anyisile alinitazama kama nimelewa. "Baba Aliko, wewe ubaya unauona mpaka kwenye jogoo. Mtu ameuliza habari za nyumbani tu. Kwani mimi nilipoletwa hapa baba yako hakuuliza? Aliuliza mpaka mama yangu alizaa wangapi."

"Baba yangu aliuliza amekupa mgongo, ukoo mzima umekaa hapo, mlango wazi. Aliuliza ajue umetoka kwa nani. Huyu ameuliza mume yuko wapi na anarudi lini, halafu akafunga mlango. Dalili ya mvua ni mawingu, Mama Aliko. Unataka mpaka ulowe?"

"Na kumshika mkono?"

"Mkono ndio unaoniuliza mimi?"

Nilimwona anaanza kuelewa, na nilimwona hataki kuelewa. Alikuwa ameomba sana. Mtu aliyefunga na kuomba, jibu likija hataki kuambiwa ni la shetani. Mwishowe akasema, "Kazi siku hizi ni ngumu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Lo! Nimeisikia methali hiyo tangu sina meno, na sijawahi kuichukia. Jioni ile niliichukia. Nikamwambia, "Aliyesema hayo alikuwa ameangusha kijiko chake mwenyewe mvunguni kwake mwenyewe. Hakumwambia mtoto wa watu akainame hotelini." Anyisile akaanza kulia taratibu, nami nikajiona mjinga, maana yeye hakuwa adui. Akafuta macho, akaahidi kwamba kesho atazungumza naye.

Kesho yake alikwenda, akarudi mikono mitupu. "Nimemwambia awe mwangalifu. Kaniuliza, 'Niangalie nini, mama?' Nikashindwa. Nilishamwambia yule ni mtu mwenye adabu. Sasa nitasemaje? Kwa nini usimwambie wewe?"

Alijua ninachoweza na nisichoweza. Jambo lenyewe redioni lina jina, wanaliita rushwa ya ngono. Jaribu kufikiri. Mimi, ambaye sijawahi kumwambia mkamwana wangu hata salamu ya "ugonile" asubuhi, nianze na neno hilo! Zamani kwa neno dogo kuliko hilo baba mkwe angelipa ng'ombe, na angelipa kwa haki. Kumkumbusha mke wa mwanao kwamba ana mwili wa mwanamke ndicho kitu ambacho mila yote hii iliwekwa ili kisitokee. Na sasa kulikuwa na mwanaume mwingine anamkumbusha, na mila ileile iliyotakiwa kumlinda imenifunga mimi mdomo. Nilishinda Ijumaa nzima shambani nikikata magugu yasiyokuwepo.

Jumamosi asubuhi nilipotoka nililiona gauni. Anyisile alikuwa amelipiga pasi ya mkaa, akalitundika mlangoni lipate hewa. La bluu. Lilikuwa linacheza na upepo kama lina mtu ndani. Nikasema, basi. Kama ni ng'ombe, nitalipa ng'ombe.

Dainess alikuwa uani kwenye kichanja, anageuza kakao juu ya mkeka ipate jua. Jubilate alikuwa chini anafukuza kuku. Kwa kawaida ningekohoa, Dainess akaondoka. Sikukohoa. Nilichukua kigoda, nikambeba mtoto, nikakaa hatua chache kutoka kichanjani, mgongo nimempa mama yake. Nikasikia reki ikisimama, kisha ndara zikianza kuondoka haraka.

"Jubilate," nikasema kwa sauti, "mwambie aliyeko kichanjani asiondoke. Babu anaongea na wewe, lakini babu ana sauti kubwa."

Ndara zikasimama.

"Sasa, mjukuu wangu, sikiliza. Siku moja utakuwa mkubwa, utakwenda kutafuta kazi."

"Ndizi," akasema Jubilate.

"Utapewa, subiri. Utakwenda kutafuta kazi. Sasa huko ukiulizwa kakao inavundikwa siku ngapi, jibu. Ukiulizwa punje yenye ukungu inatambulikaje, jibu, hata ukikosea si aibu. Lakini mtu akikuuliza mume wako anarudi lini, nawe muulize, bwana mkubwa, swali hilo linapima nini? Mtu akifunga mlango, wewe ufungue. Mwambie kelele za pikipiki tumezizoea. Akikushika mkono, mkono ni wako, uchukue uondoke nao. Akikwambia ugeuke, geuka, uelekee mlangoni, uende nyumbani."

Jubilate alinishika ndevu. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, na mgongo huo alikuwa anautazama Dainess. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku mto ulipotuvamia na kutubebea mpunga.

"Na akikuambia mje mwonane jioni hotelini, usiende. Hata kama bibi yako amekupigia pasi. Hata kama nyumba nzima imefurahi. Mimi nimelima kakao tangu kijana, na nakwambia hakuna kakao inayopimwa hotelini. Ghala lipo, ofisi ipo, mchana upo. Na ukikosa kazi hiyo, utarudi hapa, utakula kwa babu yako, na mtu akikucheka aje aniambie mimi."

"Ndizi," akasema Jubilate, na machozi yakimlenga sasa kwa njaa.

Nikadhani ameshaondoka kwa aibu, na nimeshaharibu kila kitu. Kisha akasema.

"Baba."

Hajawahi kuniita. Miaka mitatu yote, hata mara moja.

"Baba, huyo mtoto haelewi."

"Najua," nikamwambia Jubilate.

"Mimi naelewa. Nilielewa tangu alipofunga mlango. Tulifundishwa chuoni, inaitwa rushwa ya ngono." Alilitamka neno lile lote bila kujikwaa, mimi ndiye niliyetamani ardhi inimeze. "Siku ile jikoni, sikuwa namsimulia mama. Yeye alikuwa amefurahi mno, nilishindwa kumvunja moyo. Nilikuwa nakuambia wewe."

Nikamhamishia Jubilate goti la pili.

"Najua unakaa pale kila jioni. Kikapu hicho kimoja umekisuka tangu mwaka jana." Sauti yake ilitetemeka, lakini haikukoma. "Nilisema kwa nguvu ili usikie. Nikajiambia, baba anagombana na kila mtu, na hili atagombana. Nikakaa nasubiri ukohoe, upige hata ukuta. Ukanyamaza. Alhamisi ukanyamaza, jana ukanyamaza. Nikasema, basi, kama hata baba ameona ni sawa, labda kweli ni sawa. Labda ndivyo kazi zinavyopatikana, na mimi ndiye mshamba."

Mchungaji amehubiri mengi mbele yangu, marefu na mafupi, na hakuna hata moja lililowahi kunipiga kama hayo. Mimi nilikaa nalinda heshima yake, na yeye upande wa pili wa ukuta anaisikia heshima hiyo kama ruhusa. Nilinyamaza kwa kumpenda, na karibu kunyamaza kwangu kumpeleke Matema.

"Na kuna kitu kingine," akasema. Hapo sauti ikapungua hata nikainamisha kichwa nimsikie. "Nilipoingia ofisini nilichuchumaa kumsalimia, nikatazama chini. Ndivyo nilivyolelewa kusalimia wakubwa. Katibu wake alicheka kidogo. Nafikiri hapo ndipo meneja alipoona mimi ni wa kuchezewa. Baba, nilimkaribisha mwenyewe?"

Swali hilo huwezi kumjibu mtu ukiwa umempa mgongo. Nisiulizwe niliamua lini. Nilijikuta nimekigeuza kigoda, Jubilate mkononi, na nikamtazama mkamwana wangu usoni.

Macho yalikuwa yamevimba. Alikuwa hajalala tangu Jumatano. Na huo ndio uso niliodhani unamtabasamia Anyisile.

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Hukumkaribisha. Wewe ulimpa heshima, na heshima haina kosa hata ikipewa mbwa. Kosa ni la mbwa. Na mimi nisamehe. Nilikusikia. Nilikusikia kila neno, nikachoma kidole changu, nikakosa adabu ya kukujibu."

Alishusha macho kwa mazoea, kisha akayainua tena. Tulitazamana hivyo kidogo, sote wawili tumeona haya kama watoto siku ya kwanza shuleni. Halafu akafuta mikono kwenye kitenge, akatoa simu.

"Nataka usikie," akasema, akaweka spika.

Iliita kidogo tu. "Dainess!" Sauti ilikuwa nzuri, ya mtu aliyeshiba. "Umeshaanza safari?"

"Hapana, Bwana Fortunatus. Sitakuja Matema. Nitakuja ofisini Jumatatu, mchana, na katibu wako awepo. Kama kuna maswali ya kakao, nitayajibu huko."

Akacheka. "Wewe binti wewe. Nafasi ni moja, na wanaoitaka ni wengi. Wapo watakaofika kabla hata jua halijazama."

Nikasimama. Mdomoni nilikuwa na maneno ya kutosha wilaya nzima, na mengine ya Kinyakyusa ambayo yangemfikia bila tafsiri. Dainess akaniinulia kiganja, hivi, kwamba ninyamaze. Mkamwana akamnyamazisha baba mkwe, nami nikanyamaza. Mpima mizani hajawahi kuliweza hilo.

"Hao wengine nitawatafuta niwaambie," akasema kwenye simu. Sauti haikutetemeka tena. "Na TAKUKURU nitakwenda kuwaambia. Ulifunga mlango, ukanishika mkono, ukanigeuza kama mbuzi wa mnadani, na hukuniuliza swali hata moja la kazi."

Sauti ya kule ilikuwa imepoteza shibe yake. "Nani amekujaza maneno haya? Mumeo?"

"Mume wangu nitamwambia leo. Maneno ni yangu. Nimekaa hapa na baba yangu."

Hakusema baba mkwe. Alisema baba yangu, na simu ikakatwa.

Kazi ikawa imekwenda. Hatukuhitaji kuambiana. Usaili mwingine haukuwepo, maombi mengine hayakuwa yamejibiwa, na Jumatatu badala ya kwenda kuanza kazi atakwenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya TAKUKURU, ya kuzuia rushwa, asimulie tena mambo ambayo mara ya kwanza yalimtoa usingizi. Nilimwambia nitamsindikiza. Akaitikia kwa kichwa. Akakaa chini pembeni ya kichanja, kwenye gunia tupu, akajifunika uso kwa kitenge, na kilio cha siku zote zile kikamtoka.

Anyisile alitoka jikoni mbio. Alituona tumeelekeana, mimi na mkamwana wake, uani, mchana kweupe, akaweka mkono mdomoni. Nadhani alikuwa amesikia, maana jikoni pia husikika yanayosemwa uani. Hakuniuliza kitu. Alikwenda akakaa kwenye gunia lile, akamkumbatia Dainess, akawa anarudia, "Nisamehe, mwanangu. Nilikupigia pasi. Nisamehe." Jubilate naye aliona mama yake analia, akaanza kulia, na ndizi ya kumnyamazisha ilikuwa ndani, mbali.

Mtu wa mila angeinuka hapo. Mkamwana akilia, baba mkwe hukohoa, akachukua jembe lake na kwenda shambani mpaka wanawake wamalize. Baba yangu angefanya hivyo, na asingekuwa mtu mbaya.

Sikuinuka. Nilibaki kwenye kigoda, nimemwelekea, nikimbembeleza mtoto wake, mpaka Dainess alipomaliza kulia.